Marehemu mama alikuwa anashinda maktabani. Tunataka kumwekea bustani ya kusomea, tuanzie wapi?

FundiGauni, 14 Januari

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Naomba ushauri, ila nitaanzia mbali kidogo, mnivumilie. Mimi ni fundi cherehani katika mji mdogo mkoani Tanga. Mji wenyewe sitautaja, huku tunajuana mpaka mbuzi wa nani ni yupi. Mama yetu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 73. Alikuwa mwalimu. Aliajiriwa 1972, akastaafu 2011, na karibu miaka yote hiyo alifundisha darasa la kwanza. Kila mwalimu mkuu mpya aliyetaka kumpandisha madarasa ya juu alijibiwa hivyohivyo: "Wa darasa la saba wameshajua kusema uongo. Niachieni hawa wangu."

Baada ya arobaini tulikaa ndugu wanne tukapiga hesabu. Rambirambi na michango, tukitoa gharama zote za msiba, ilibaki shilingi 2,850,000. Kaka mkubwa akataka tujengee kaburi. Mjomba akakataa katakata, akasema kama mna pesa mtoleeni dada yangu sadaka jariya, ile inayoendelea kumpa thawabu, marumaru ya nini. Tukaanza kubishana kisima au madrasa. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye huwa hasemi, akauliza, "Kwani mama alikuwa anashinda wapi?" Wote kimya.

Mama tangu astaafu alikuwa anashinda maktaba ya wilaya. Saa nne asubuhi yupo, na miwani yake ambayo mkono mmoja umefungwa kwa uzi wa cherehani (uzi wangu huo, rangi ya damu ya mzee), anasoma magazeti ya juzi. Watoto wakitoka shule anawasikiliza wakisoma. Sasa ndani huwezi kusoma kwa sauti, utawasumbua wenye mitihani. Kwa hiyo alikuwa anatoka nao, wanakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, jua linawapiga, yeye kashika mwavuli juu ya mtoto na kitabu, mwenyewe yuko nje ya mwavuli.

Hapo nyuma kuna kiwanja kitupu. Nimekipima kwa tepu yangu ya kushonea, ile ya sentimita 150, nikawa naihamishahamisha mpaka mgongo ukauma: mita 11 kwa 7 na ushee. Kuna mti mkubwa wa mkungu upande wa magharibi, majani makavu tele, tofali zilizobaki sijui tangu ujenzi gani, na bomba lililokatika. Tunataka pawe mahali pa kukaa na kusoma, hasa watoto.

Naomba kujua: ruhusa tunaomba kwa nani? Tupande nini? Hiyo pesa itatosha? Halafu kuna kibao. Dada anataka kibao kikubwa cha marumaru chenye picha ya mama. Mjomba anasema hiyo ni ria, kujionyesha kwa watu. Mimi niko katikati, na hao wawili hawasalimiani vizuri tangu Jumapili.

Kipara77, 14 Januari

Pole kwa msiba. Pesa hiyo nunueni vitabu. Bustani mbuzi watamaliza mwezi mmoja.

FundiGauni, 14 Januari

Kaka asante, umenikumbusha. Uzio sikuuweka kwenye hesabu kabisa.

MkutubiMstaafu, 15 Januari

Mwanangu, pole sana, Mungu amrehemu Mwalimu. Nimefanya kazi ya ukutubi miaka 28 katika mikoa mitatu. Watu wa aina ya mama yako nawajua, kila maktaba ina mmoja, na akifa wafanyakazi hawajui wakae vipi na kile kiti.

Ruhusa: usianze na maneno ya mdomo. Andika barua kwa mkutubi wa wilaya, nakala kwa mkutubi wa mkoa. Maktaba hizi ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, lakini mara nyingine ardhi ni ya halmashauri, kwa hiyo uliza mapema kiwanja hicho ni cha nani. Ambatisha mchoro, hata wa kalamu ya risasi. Na barua iseme wazi kwamba mkishakabidhi, bustani ni mali ya maktaba. Mkiiacha ikae kama ya familia, siku mkutubi akitaka kuhamisha benchi atalazimika kuitisha ukoo.

Pesa: usitumie zaidi ya nusu kujenga. Nakwambia kwa uchungu. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi familia moja ilileta bustani nzuri sana ya kumkumbuka mzee wao. Mgeni rasmi alikuja, utepe ukakatwa, pilau ikaliwa, miche 40 ikapandwa siku moja na kila aliyepanda akapigwa picha. Nusu mwaka baadaye ikaja kaskazi ya Januari. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kumwagilia. Mwezi wa tatu kilichobaki ni kibao, jina la mzee limeandikwa kwa dhahabu, kimezungukwa na mbigili. Nilikuwa nikipita pale naona aibu kama ni mimi niliyemuua mara ya pili. Kwa hiyo tafuteni kwanza mtu wa kumwagilia na mshahara wake, halafu ndiyo mtafute miche.

Mengine ni ya kazi yetu. Msijenge rafu za vitabu nje. Watu huona picha za huko nje, rafu nzuri chini ya mti, wanataka na sisi. Tanga kwa unyevu ule na mchwa wale, vitabu havimalizi masika moja. Tumia kapu. Saa nane mhudumu anatoa vitabu 20, anavihesabu, saa kumi na moja anarudisha 20. Mahali pa kukaa pawe panaonekana kutoka dirishani, ili mhudumu awaone watoto bila kuacha meza yake. Njia ya kuingilia iwe pana, sentimita 90 ndiyo mwisho wa kupunguza, maana kuna mwenye kiti cha magurudumu na kuna bibi mwenye mkongojo. Na kaeni pale saa tisa mchana kabla ya kuamua benchi ielekee wapi. Ukurasa mweupe ukipigwa na jua unaumiza macho kuliko taa ya gari.

Kuhusu kibao sina neno kubwa. Maktaba ya mkoa ya Tanga mjini ilijengwa miaka ya 1950 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Nenda kawaulize wanafunzi waliomo leo George ni nani. Wanachojua ni kwamba pana meza na pana kimya. Dada yako akitaka jina la mama, kuna desturi yetu ya zamani: muhuri mdogo ndani ya jalada. "Kwa kumbukumbu ya Mwalimu fulani." Nunueni vitabu vichache vya watoto, vipigwe muhuri huo. Jina litakuwa mikononi mwao, na mjomba hataona cha kugomba.

Nikuulize na mimi. Mama kaanza kazi 1972. Hakufundisha kisomo, yale madarasa ya watu wazima?

FundiGauni, 15 Januari

Mzee wangu, umejuaje? Alifundisha! Alikuwa anatuhadithia, jioni akimaliza watoto wake anawageukia baba zao. Chini ya mwembe, na karabai. Kuna mzee mmoja alikuwa anakuja na jembe begani, anaandika jina lake mchangani kwa mpini kwanza, ndipo ashike chaki.

MkutubiMstaafu, 15 Januari

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata kila mwalimu kijana alipangiwa kisomo, apende asipende. Nauliza kwa sababu nimewahi kusikia watu wakisema bustani ya kusomea ni mambo ya Wazungu. Wazazi wetu wengi walijulia herufi chini ya mti. Basi huo mkungu msiukate.

MicheNaMbolea, 16 Januari

Mkungu usikatwe kabisa, mzee kasema. Nauza miche Tanga mwaka wa kumi na tatu huu, ngoja niseme ya kwangu.

Mkungu una kero zake. Unapukutisha majani hata mara mbili kwa mwaka, yanageuka mekundu yanaanguka yote, na popo wanapenda kungu kupita kiasi. Lakini kivuli hicho ukikipanda leo utakisubiri miaka kumi. Na kuwa upande wa magharibi ni bahati, ndiko jua la saa tisa linakotokea. Punguza matawi ya chini tu, mtu mzima apite bila kuinama.

Watu watakushauri mkrismasi kwa sababu ya maua yake ya Desemba. Usiuweke karibu na jengo, mizizi yake inatambaa juujuu na kuinua sakafu. Mjohoro unakua haraka lakini matawi hukatika kwa upepo. Ashoki ni wa kupendezesha uzio, kivuli chake ni cha mtu mmoja aliyesimama wima. Ukitaka mti wa pili weka mwarobaini, mita tano kutoka ukutani, basi. Mwembe usiupande pale, labda kama unataka mawe yapite juu ya vichwa vya wasomaji kila msimu.

Chini ya mkungu ukoka hauoti, usipoteze hela. Weka pevingi kwenye njia na kokoto ndogo kwingine.

Na hii ni muhimu kwa sehemu ya watoto: msipande oleanda, hata kama ni nzuri na haifi. Sumu tupu, majani mpaka maua. Mbarika ukiota wenyewe ng'oa, mbegu zake zinavutia kama shanga na zinaua. Bogonvilia iwe kwenye uzio tu, ina miiba.

Sasa hivi ni Januari, usipande kitu. Chimba mashimo, futi mbili kwa mbili, changanya samadi iliyooza vizuri, acha yapumzike. Masika ikianza Machi ndiyo upande. Kwenye kila mche zika mtungi wa udongo usiopakwa rangi, shingo ibaki juu, jaza maji, funika na kigae. Maji yanapenya polepole kwenye mizizi. Kwa mtungi mmoja mche unakaa siku kadhaa bila mtu wa kumwagilia.

Amani_Juu, 16 Januari

Na yale maua ya zambarau ya Usambara je? Saintpaulia. Dunia nzima wanayaweka madirishani na asili yake ni hapahapa kwetu, Mjerumani aliyapeleka Ulaya miaka ya 1890. Mwalimu wa Tanga angestahili ua la Tanga.

MicheNaMbolea, 16 Januari

Mkuu wazo zuri, lakini yale yanaishi kwenye mawe yenye ubaridi na unyevu huko msituni. Ukiyaweka huku kwenye jua na ukavu utayazika wiki hiyohiyo. Labda mkutubi aweke chungu kimoja ndani, mbali na jua.

BintiMkunazini, 17 Januari

Assalaam alaykum dada yangu. Mungu amrehemu mama, amjaalie kauli thabit.

Mie niko Unguja. Wote mnazungumza kivuli na samadi, hakuna hata mmoja aliyetaja harufu! Bustani ya mwanamke wa pwani bila ya harufu ni bustani gani hiyo? Weka mlangilangi mmoja pembeni, mrehani njiani ili watu waupanguse na nguo wakipita, na mkilua ukiupata. Asumini usiache, ingawa inafungua magharibi na nyie maktaba itakuwa ishafungwa. Si neno, mlinzi naye ni mtu.

Hili la kibao: ria iko moyoni, haiko kwenye saruji. Lakini mjomba wako ana lake. Fikirieni kama wakfu. Ukishakitoa wakfu si chako tena, huna haja ya kukiandika jina ndo kikujue. Malipo yanakwenda kwa aliyekusudiwa. Bibi yangu alichimba kisima shamba, hakuna kibao, na mpaka leo watu wanakwenda "kisimani kwa Bi Mkubwa". Watu wataita wenyewe.

MjukuuWaKaloleni, 17 Januari

Mimi niko Nairobi, niongeze moja. Maktaba yetu ya McMillan pale mjini ni kumbukumbu vilevile. Mjane, Lady Lucie McMillan, alimjengea marehemu mumewe, ikafunguliwa 1931, jengo la nguzo kubwa na simba wa mawe mlangoni. Wakati huo Mwafrika hangeweza kuingia kusoma. Babu yangu alipita mbele ya hao simba miaka na miaka akienda kazini. Siku hizi ni ya umma, na shirika la Book Bunk limekuwa likikarabati hiyo na matawi ya Kaloleni na Makadara. Nimepeleka watoto wangu tawi la Kaloleni.

Ninachosema dada, usiangalie sana kibao. Angalia lango. Litafungwa saa ngapi, ufunguo utakaa kwa nani, na mtoto asiye na sare ataruhusiwa?

FundiGauni, 9 Juni

Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, masika huku ni msimu wa sare na harusi kwa pamoja.

Barua ilijibiwa baada ya wiki sita. Katika wiki hizo sita mjomba na dada walipatana, maana wote wawili walipata mtu mwingine wa kumlalamikia.

Hesabu nawawekea, labda itamfaa mwingine. Saruji mifuko 14 kwa 17,500 ni 245,000. Mchanga na kokoto 180,000. Fundi na kibarua siku sita 270,000. Uzio na lango 310,000 (Kipara77, mbuzi mmoja alishakuja kukagua, akarudi). Bomba na koki 95,000. Pevingi ya njia 240,000. Miche, mitungi na samadi 88,000. Kapu mbili za ukindu na mikeka 60,000. Jumla 1,488,000. Zimebaki 1,362,000, ziko benki, wanasaini dada na mkutubi, na kijana wa kumwagilia anapewa 25,000 kwa mwezi. Nimegawanya, zinafika miaka minne na nusu. Vitabu na muhuri dada kanunua kwa pesa yake, hakutaka mtu amchangie.

Benchi za mbao tuliziacha. Tumejenga baraza ya saruji kama za nyumba za zamani, inazunguka pande mbili chini ya mkungu. Upande mmoja kimo cha sentimita 45, upande wa watoto 30. Mbele ya ile ya watoto nilitaka herufi tano ambazo mama alianza nazo kila mwaka. Nikachukua kandambili zilizochakaa, nikakata a, e, i, o, u kwa mkasi wa kushonea (mkasi umekufa, niliujua utakufa), nikampa fundi azigandamize kwenye saruji mbichi. Nikaenda kumpima bibi harusi. Kurudi, saruji imeshika, na u iko kichwa chini. Inasomeka a, e, i, o, n.

Nililia. Fundi akasema anaweza kuichonga upya kwa 30,000. Mjomba akaja, akavaa miwani, akaisoma yote polepole, akacheka mpaka akakaa juu ya hiyo n. Akasema dada yake angeweka alama ya kosa kwa wino mwekundu. Tumeiacha kwanza.

Juzi nilikuwa pale saa tisa. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza anasoma kwa sauti, kidole kwenye saruji: "a, e, i, o, n!" Mwenzake akamwambia hiyo siyo n, hiyo ni u imeanguka. Wakabishana. Yule wa kwanza akageuka, akainama akachungulia katikati ya miguu yake, akakaa hivyo kidogo, halafu akasema, "Eeh, u."

Mrehani umeshika, mwarobaini una majani mapya, mlangilangi mmoja umekufa. Mkilua sijaupata, BintiMkunazini, kama kuna anayekuja Tanga kwa boti anitafute.

Swali langu la mwisho: popo. Asubuhi baraza yote imechafuka, na makungu yaliyotafunwa kila mahali. Mnawafanyaje?

MicheNaMbolea, 9 Juni

Hongera sana dada. Popo huwawezi. Mwambie kijana amwage maji na kufagia saa moja asubuhi, kabla haijakauka. Ikikauka utahitaji msasa.